Plagi Zilizochoka: Namna ya Kuzitambua, Kuzisoma na Kuthibitisha Kabla Hujanunua Mpya

Gari linapanda mlima likiwa gia ya juu. Unakanyaga mafuta, na badala ya kuvuta linaanza kukatakata kana kwamba limeshikwa na kwikwi. Ukishusha gia, injini ikazunguka haraka zaidi, kwikwi inapungua. Ukifika tambarare inapotea kabisa, na fundi akiliwasha gari likiwa limesimama haoni kasoro yoyote. Mwenye gari la namna hii hubadilishiwa pampu ya petroli, akabadilishiwa sensa, akasafishiwa nozo zinazonyunyizia petroli, na kwikwi ikabaki palepale. Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye plagi, tena lingeweza kusomeka kwa macho tangu siku ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa injini za petroli. Dizeli haina plagi za cheche. Plagi zake ni za kupasha joto tu, na dalili zake ni nyingine kabisa. Nitaeleza dalili unazozisikia ukiwa kwenye usukani, lakini nitakaa zaidi kwenye kazi ambayo gereji nyingi huipita mbio: kuisoma plagi ya zamani kabla ya kuitupa. Plagi hukaa ndani kabisa ya chumba cha moto, na bado unaweza kuitoa kwa dakika chache bila kufungua injini. Ikitoka, inakuja na habari za humo ndani.

Kwa nini plagi huchoka

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu, kwa kawaida kati ya 10,000 na 30,000. Umeme huo hushuka katikati ya plagi mpaka kwenye ncha, kisha unaruka mwanya mdogo, ambao mafundi huuita gepu, na kuifikia elektrodi ya pembeni iliyopinda kama kidole. Kwenye magari mengi mwanya huo ni kati ya milimita 0.6 na 1.1. Ile cheche inayoruka hapo ndiyo inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli.

Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inachoma mara 25 kwa sekunde. Kwa saa moja ya safari hiyo ni mara 90,000. Kila cheche inaondoka na chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho, na chembe hizo zikijumlishwa kwa maelfu ya kilometa, mwanya unapanuka. Wakati huohuo kingo za ncha, ambazo plagi ikiwa mpya ni kali, zinalika na kuwa butu. Umeme huruka kwa urahisi kutoka kwenye ukingo mkali kuliko kutoka kwenye uso butu, kwa hiyo koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Sasa ongeza jambo la tatu, ambalo ndilo linaloeleza ile kwikwi ya mlimani. Hewa iliyobanwa sana huipinga cheche kuliko hewa iliyolegea. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya juu, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na inabanwa kwa nguvu kubwa, hivyo volti zinazohitajika zinapanda ghafla. Plagi nzima inamudu. Iliyochoka haimudu: umeme unapita kando ya kauri au unapotea njiani, na ule mpigo unakwenda bure. Ukilishika jambo hilo moja, dalili nyingi zinajieleza zenyewe.

Plagi hudumu kwa kadiri ya chuma cha ncha yake. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, iridiamu 2,446. Ndiyo maana plagi za kawaida, zenye ncha ya nikeli na kiini cha shaba, hubadilishwa kila kilometa 20,000 hadi 40,000, huku za platinamu na iridiamu mara nyingi zikifika 100,000, na baadhi kuvuka hapo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, maana injini mbili zinazotumia plagi za aina moja zinaweza kuwa na ratiba tofauti.

Dalili unazozisikia ukiendesha

Kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwenye mpigo wake, injini ikiwa na mzigo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Nimeshaeleza sababu yake. Unaweza kuipima kwa makusudi: tafuta barabara tupu yenye mwinuko, weka gia moja juu ya ile ambayo ungeitumia kwa kawaida, kisha kanyaga mafuta polepole lakini kwa kina. Gari likikatakata hapo na likatulia ukishusha gia, upande wa umeme wa kuwashia ndio wa kushukiwa kwanza, yaani plagi, koili, na waya za plagi kwa magari yaliyo nazo. Usizidishe jaribio hili. Sekunde chache zinatosha kukupa jibu.

Kuwaka kwa shida asubuhi ni dalili nzuri, ila ina mtego. Stata inapozungusha injini, volti za betri hushuka, na koili inapata umeme pungufu wakati uleule plagi yenye mwanya mpana inadai zaidi. Lakini ikiwa stata yenyewe inazunguka kivivu au inatoa mlio wa kuchoka, shughulika na betri na vichwa vyake kwanza. Dalili ya plagi ni injini kuzunguka kwa nguvu zake zote na bado isishike, au ishike kwa kukohoa kisha itulie baada ya nusu dakika.

Mtikisiko gari likiwa limesimama unahitaji sikio. Shuka, nenda nyuma, weka kiganja mbele ya bomba la ekzosi bila kuligusa. Injini nzima hutoa mapigo yanayofuatana sawasawa. Ukihisi pigo moja linaruka kila baada ya hesabu ileile, silinda moja haifanyi kazi, na unaweza kuitafuta moja kwa moja. Mapigo yakiruka ovyo, mara hapa mara pale, basi plagi zote zimechoka kwa pamoja, au mchanganyiko wa hewa na petroli haujakaa sawa, pengine kwa sababu ya mpira wa hewa uliopasuka. Zoezi hili la dakika moja huokoa kazi ya saa nzima, na nasikitika kuona namna linavyoachwa siku hizi kwa kuwa kila mtu anasubiri mashine imwambie.

Kuhusu kula mafuta, watu wengi huamini kwamba petroli inayoongezeka ni ile tu isiyoungua. Kuna zaidi ya hapo. Silinda ikimisi, inatupa kwenye ekzosi oksijeni ambayo haikutumika. Sensa ya oksijeni inaiona na kumwarifu kompyuta kwamba injini ina hewa nyingi na petroli chache. Kompyuta, ikiamini taarifa hiyo, inaongeza petroli, hata kwa silinda zilizokuwa nzima. Hivyo plagi moja mbovu inaweza kuharibu hesabu ya silinda zote. Pima kwa kujaza tangi mpaka juu, kuandika kilometa, kuendesha wiki ya kawaida, kisha kujaza tena mpaka juu na kugawanya kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia. Mshale wa dashibodi usiutegemee kwa hesabu hii.

Harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari inakwenda sambamba na hilo. Gari kuwa zito kuondoka nayo ni dalili, lakini ni dhaifu, kwa sababu chujio la hewa lililoziba, breki zinazoshika na mambo mengine kumi huleta uzito uleule. Usinunue plagi kwa sababu ya uzito peke yake.

Halafu kuna taa ya injini. Hapa tafadhali tofautisha taa iliyowaka tuli na taa inayowaka na kuzima mfululizo. Ya kwanza inakuruhusu kufika nyumbani na kupanga kazi. Ya pili, kwa magari ya mfumo wa OBD-II, ambao kompyuta ya gari hujichunguza na kutoa misimbo ya kasoro, inamaanisha kumisi ni kwingi kiasi cha kuharibu masega yaliyo kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungua ndani ya masega hayo, joto linapanda mno, na kauri yake inayeyuka. Masega ni ghali kuliko seti kadhaa za plagi. Taa ikiwakawaka, ondoa mguu kwenye mafuta, na kama haitulii, egesha na uzime.

Mashine ya kusoma misimbo itakuonyesha P0300 ikiwa injini inamisi bila mpangilio, au P0301, P0302, P0303 na kuendelea, ambapo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Msimbo huo unakuambia *wapi*, haukuambii *nini*. P0303 haimaanishi "nunua plagi ya tatu". Inamaanisha silinda ya tatu haikutoa nguvu yake, na chanzo kinaweza kuwa plagi, koili, nozo, au vali isiyofunga.

Kutoa plagi bila kuharibu kitu

Vifaa ni vichache: soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani (saizi za kawaida ni milimita 14, 16 na 21), racheti na kiungio kirefu, tochi, brashi laini au pampu ya upepo, kipimo cha mwanya, mita ya umeme, na kipande cha boksi chenye matundu uliyoyaandika 1, 2, 3, 4. Hicho kipande cha boksi ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Plagi zikichanganyika mezani, nusu ya habari imepotea.

Subiri injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kukitoa. Silinda hedi nyingi ni za alumini, na nyuzi zake, ile michirizi ya skrubu inayoshika plagi, zikiwa na moto hung'oka pamoja na plagi. Zima swichi, toa ufunguo.

Fungua koili au waya moja tu kwa wakati. Soketi ya umeme ya koili ina kibano; kibonyeze, usikivute kwa nguvu, maana plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka huvunjika kama biskuti. Kwa gari la waya, shika kofia ya mpira, usivute waya wenyewe. Kabla hujagusa plagi, mulika tochi ndani ya shimo. Kuna mchanga? Upulize au uusugue utoke, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu kitakachobaki pale kitaanguka ndani ya silinda plagi ikishatoka. Kuna oili? Kumbuka hilo, tutalirudia.

Plagi ikigoma kufunguka, usiilazimishe. Izungushe robo, irudishe, dondosha mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe tena. Uvumilivu wa robo saa hapa unakuepusha na kazi ya kutengeneza nyuzi mpya. Silinda ya kwanza, kwenye injini iliyosimama mstari mmoja, kwa kawaida ni ile iliyo upande wa mikanda, mbali na giaboksi.

Kuisoma plagi

Peleka plagi kwenye mwanga wa jua. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: kauri nyeupe iliyo ndani kuizunguka ncha, elektrodi zenyewe, kisha kauri ya nje.

Kauri ya ndani yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu cha majivu inaonyesha silinda yenye afya. Kama plagi zote nne ziko hivyo na gari bado linamisi, pima mwanya, kisha peleka shaka kwenye koili.

Masizi meusi makavu, yanayotoka kwa kidole, yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa au plagi haipati joto la kutosha. Ncha ya plagi hujisafisha yenyewe ikifika kama nyuzi joto 450 hadi 500 za Selsiasi. Chini ya hapo masizi yanaganda, na kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, cheche inavujia pembeni badala ya kuruka. Gari linalofanya safari za dakika tano tano halifikii joto hilo. Ukiona masizi, uliza kwanza namna gari linavyotumika, kisha angalia chujio la hewa, nozo inayovuja na sensa ya joto la maji. Plagi mpya zilizowekwa juu ya tatizo hilo zitakuwa nyeusi tena baada ya muda mfupi.

Weusi unaong'aa, wenye unyevu wa mafuta mazito, ni oili iliyoingia kwenye chumba cha moto. Inapitia ringi za pistoni au sili za vali. Moshi wa bluu asubuhi baada ya gari kulala unaelekeza kwenye sili za vali. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta kwa nguvu unaelekeza kwenye ringi. Plagi hapo ni shahidi tu, hana kosa.

Plagi iliyolowa petroli, yenye harufu kali na unyevu mwepesi, ni ya silinda isiyochoma kabisa. Petroli inafika, moto haufiki. Hii ndiyo plagi ninayofurahi kuiona, kwa sababu tayari imenipunguzia kazi: nozo ni nzima, na tatizo ni plagi yenyewe, koili, au kompresheni iliyoanguka, yaani silinda kushindwa kubana hewa vizuri.

Weupe mkali, wenye malengelenge madogo au ncha iliyoanza kuyeyuka, ni wa kuchukuliwa kwa uzito kuliko yote niliyotaja. Plagi ilipata joto kupita kiasi. Ncha ikivuka nyuzi joto 800 na kitu, inaweza kuwasha mchanganyiko yenyewe kabla ya wakati wa cheche, na hapo pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Chanzo kinaweza kuwa petroli chache kuliko hewa, mfumo wa kupooza ulio dhaifu, taimingi (wakati wa cheche) iliyosogea, plagi ya daraja la joto lisilofaa, yaani inayotoa joto polepole kuliko injini inavyotaka, au plagi iliyofungwa ikiwa legelege, maana plagi hupoteza joto lake kupitia nyuzi na kikalio chake. Gari lenye plagi za namna hii usiliendeshe safari ndefu mpaka chanzo kijulikane.

Rangi ya matofali, nyekundu au chungwa, huachwa na viungo vinavyotiwa kwenye petroli kuongeza okteni. Wengi wakiiona hudhani ni kutu.

Sasa kauri. Ufa mwembamba kuzunguka ncha mara nyingi husababishwa na injini kugonga, au na mtu aliyejaribu kurekebisha mwanya kwa kuiegemea elektrodi ya katikati. Ufa wa kauri ya nje hutokana na plagi kuanguka au soketi kuvutwa upande. Plagi iliyoanguka kwenye sakafu ngumu mimi siifungi, hata ikionekana nzima, kwa sababu ufa wake unaweza kuonekana kwa umeme tu.

Ukiona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli unaoshuka kwenye kauri ya nje, umeme ulikuwa ukikimbia nje ya plagi badala ya kupita katikati yake. Angalia na ndani ya mpira wa koili: utakuta alama pacha. Badilisha vyote viwili, kwa sababu mpira wenye alama utaichora plagi mpya. Lakini usichanganye mstari huo na ule ukungu wa kahawia unaoizunguka kauri karibu na chuma. Huo ni vumbi la oili linalovutwa na umeme wa volti nyingi, wala si uvujaji wa moshi kutoka ndani. Plagi nyingi nzuri hutupwa kwa sababu ya ukungu huo.

Nirudi kwenye oili ya shimoni. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limebadilishwa plagi mara tatu ndani ya miezi michache. Kila mara lilitulia wiki kadhaa, kisha likamisi tena silinda ileile. Plagi ilipotoka, ncha ilikuwa na rangi nzuri kabisa, ila kuanzia kwenye nati kwenda juu imeloa oili. Haikuwa oili ya ndani ya silinda. Ilikuwa ikivuja kutoka juu, kwenye sili za mashimo ya plagi chini ya kava ya vali, ikaulainisha mpira wa koili mpaka ukaanza kuvujisha umeme. Sili mpya na mpira mmoja wa koili vilimaliza kazi. Waliobadilisha plagi zile tatu waliziona, lakini hawakuzisoma.

Kupima: mwanya na ukinzani

Kwa plagi iliyotumika, pima mwanya kwa kipimo cha waya wa mviringo. Kipimo cha bapa hukaa juu ya kingo za shimo lililolika na kukupa jibu dogo kuliko ukweli. Linganisha na kitabu cha gari. Plagi ya nikeli iliyopanuka kidogo inaweza kurudishwa kwa kukunja elektrodi ya pembeni polepole. Ncha ya iridiamu au platinamu usiiguse kwa chuma chochote. Ni nyembamba na huvunjika.

Plagi nyingi za siku hizi zina kizuizi cha umeme ndani ili redio isingurume. Weka mita kwenye omu, ncha moja juu ya plagi, nyingine kwenye elektrodi ya katikati: karibu omu 5,000 ni kawaida, pungufu au zaidi kidogo si neno. Mita ikikataa kabisa, kizuizi kimekatika ndani. Kisha pima kati ya elektrodi ya katikati na mwili wa chuma. Hapo mita haitakiwi kusoma chochote. Ikisoma, umeme unavuja kupitia masizi au ufa.

Kuthibitisha kwa kubadilishana

Hapa ndipo fedha huokolewa. Kwa injini yenye koili moja juu ya kila plagi, chukulia msimbo ni P0303.

1. Hamisha koili ya silinda ya 3 uiweke ya 1, na ya 1 uiweke ya 3. Plagi usiziguse. Futa msimbo, endesha mpaka limisi tena. Msimbo ukigeuka P0301, koili ndiyo mbovu.
2. Ukibaki P0303, rudia zoezi hilohilo kwa plagi za silinda hizo mbili. Msimbo ukihama, plagi ndiyo mbovu.
3. Ukiendelea kubaki palepale, acha kununua vitu vya umeme wa kuwashia. Pima kompresheni, kisha nozo.

Hamisha kitu kimoja tu kila mara. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja utajua silinda, lakini ulikuwa unaijua tangu mwanzo.

Kwa magari ya zamani yenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, na waya, subiri giza, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye waya injini ikiwa inaunguruma, na utazame kutoka mbali kidogo. Waya unaovuja utauona ukimetameta.

Kuna desturi mbili ninazoomba ziachwe. Ya kwanza ni kung'oa koili au waya injini ikiwa inaunguruma ili kusikia kama mlio unabadilika. Volti zile hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mkono wako au kompyuta ya gari, huku petroli mbichi ikimiminika kwenye masega. Ya pili ni kuigusisha plagi kwenye chuma cha injini, kuona cheche, na kutangaza kwamba ni nzima. Nje ya silinda hewa haijabanwa. Plagi inayochoma vizuri pale nje inaweza kushindwa kabisa ikiwa ndani, na pale karibu kuna mvuke wa petroli unaosubiri moto.

Kuweka mpya

Nunua kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, wala si kwa kufananisha umbo. Urefu wa nyuzi ukizidi, plagi inaweza kugongwa na pistoni. Ukipungua, kaboni inajaza nyuzi zilizobaki wazi. Daraja la joto nalo lina mtego: kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni ya moto zaidi. Anayebadilisha kampuni kwa kubahatisha namba anaweza kwenda upande wa pili kabisa. Badilisha seti nzima, na kagua mwanya wa kila moja hata kama boksi linasema umeshapimwa, maana boksi huanguka njiani.

Plagi za kughushi zipo kila mahali. Tazama maandishi kwenye kauri kama yako sawasawa, nyuzi kama ni laini, na kama elektrodi ya pembeni imekaa katikati ya ncha. Plagi ya iridiamu yenye ncha nene ya katikati, tilia shaka.

Kauri na plagi za zamani usizisugue kwa brashi ya waya. Chuma huacha michirizi inayopitisha umeme. Nyuzi zilizopakwa rangi ya fedha hazihitaji grisi. Grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ileile ya mkono unajikuta umekaza kupita kiasi.

Anza kufunga kwa mkono. Mpira mwembamba wa bomba uliovishwa juu ya plagi unafaa sana, kwa sababu nyuzi zikipishana mpira unateleza wenyewe kabla ya kuharibu. Ikishakaa, tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa nyutoni-mita (Nm): kwa nyuzi za milimita 14 kwenye alumini, kwa kawaida ni Nm 25 hadi 30; kwa milimita 12, Nm 15 hadi 20. Usipokuwa nayo, plagi mpya yenye pete huzungushwa nusu hadi theluthi mbili ya duara baada ya kugusa, ili pete ibonyee. Ile yenye kikalio cha koni, isiyo na pete, huzungushwa kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi na sita ya duara.

Rudisha koili, sikiliza kila kibano kikilia, futa misimbo. Andika kilometa za leo mahali utakapoziona. Kisha lirudishe gari kwenye mlima uleule, gia ileile, mguu uleule. Likikatakata tena baada ya seti mpya na koili uliyoithibitisha, toa plagi ya silinda inayotajwa na uilete kwenye mwanga. Hata kilometa chache zinaweza kutosha kuonyesha kama ni petroli, oili au joto.